Kipa aliyening'inia mtambaa wa panya

Mtaani kwetu hakuna mtoto aliyeomba kukaa golini. Golini ulitupwa. Ulikuwa mzito wa mbio, au mgeni, au chandimu lenyewe si la kwenu na huna sauti, basi unaambiwa "wewe kaa pale", na pale ni kati ya matofali mawili. Mimi nilitupwa kwa uzito wa mbio. Nikakaa pale mpaka nikapapenda, na nilipoanza kucheza mechi za mchangani zenye jezi na kiingilio cha kukunjana, hakuna tena aliyenitupa. Nilikwenda mwenyewe.

Nalianza na hilo ili msomaji ajue nimekaa upande gani. Mtu aliyedaka hasomi habari za mpira kama wengine. Wenzake wanatazama nani kafunga, yeye anatazama kipa alikuwa amesimama wapi. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza kuhusu Arthur Wharton, nilikereka kidogo. Kila mahali sentensi ilikuwa ileile: mchezaji mweusi wa kwanza duniani kulipwa kwa kucheza mpira. Nukta. Picha moja ya kijana mwenye masharubu, kombe kubwa pembeni, halafu habari imekwisha. Mimi swali langu lilikuwa jingine kabisa. Alikuwa anadaka vipi?

Jibu lipo, na ni tamu kuliko hiyo sentensi. Lakini lazima tumlete kwanza mpaka golini.

Wharton alizaliwa Jamestown, Accra, tarehe 28 Oktoba 1865, nchi ikiitwa Gold Coast; Ghana ilikuwa bado miaka tisini na kitu mbele. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Grenada, kule visiwa vya Karibi, mwenye damu ya Kiskoti upande mmoja. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante, kabila la pwani hiyo. Yaani hakuwa mtoto wa kuokotwa bandarini. Alikuwa mtoto wa watu, na watu wake walikuwa wamekwisha mpangia kazi: kuwa mchungaji na mwalimu kama baba. Kwa ajili hiyo akapelekwa Uingereza kusoma, na katikati ya miaka ya 1880 alikuwa Darlington, kaskazini mwa nchi hiyo, mwanafunzi katika chuo cha Cleveland.

Kila mmoja wetu anamjua kijana wa namna hii. Ametumwa na familia akasome kitu chenye heshima, barua za nyumbani zinauliza masomo yanaendaje, na yeye kila jioni yuko uwanjani. Wharton alikimbia, alicheza kriketi, aliendesha baiskeli, na mwaka 1885 akaanza kuidakia klabu ya mpira ya Darlington. Uchungaji ukafia hapo.

Sasa simama kidogo tuangalie golini kulikuwaje wakati ule, maana bila hilo huwezi kumwelewa.

Hakukuwa na nyavu. Nyavu zilikuja mwaka 1891, kwa hiyo mpira ukipita ulikwenda zake, na ubishi wa kama umepita ndani au nje niliukuta mimi mwenyewe karne nzima baadaye kwenye matofali yetu. Mtambaa wa panya, ule mti wa juu unaounganisha milingoti miwili, ulikuwa umelazimishwa na sheria miaka michache tu nyuma, 1882. Kabla ya hapo milingoti ingeweza kuunganishwa kwa utepe au kamba. Penalti haikuwepo, nayo ilikuja 1891. Kipa alivaa jezi ya rangi ileile ya wenzake, na ikaendelea hivyo mpaka 1909. Aliruhusiwa kushika mpira mbali na goli lake, hata karibu na katikati ya uwanja. Ni mwaka 1912 ndipo mikono yake ilifungiwa ndani ya eneo la penalti.

Na kubwa kuliko yote: iliruhusiwa kumpiga. Nasema kumpiga kwa maana ya bega, kifua na uzito wote wa mtu. Mshambuliaji aliweza kumvaa kipa hata kama kipa hana mpira, na timu zilikuwa na mtu ambaye kazi yake kwenye kona ni hiyo tu, kumlaza kipa chini wakati mwenzake anapiga. Katika miaka ya 1890 sheria ikaanza kumwonea huruma kidogo kidogo. Kabla ya hapo, ukiudaka mpira ukaukumbatia kama tunavyofundishwa leo, umejiita mwenyewe mauti, kwa sababu watu watatu wanakuja kukusukuma ndani pamoja nao. Ndiyo maana makipa wa zama zile walipiga ngumi zaidi ya kudaka. Mpira wenyewe wa ngozi, wenye kamba za kufungia, ukilowa maji unakuwa kama furushi la nguo mbichi.

Basi Wharton alifanya nini ndani ya hatari hiyo? Alichuchumaa. Waliomwona wanaeleza kwamba alikaa amejikunja pembeni ya mlingoti, kama mtu asiyehusika, mpaka dakika ya mwisho kabisa, halafu akafyatuka. Ngumi zake zilisifika Darlington nzima. Kipa anayesoma hapa ameshaelewa hesabu yake. Ukisimama katikati ya goli, wanajua wa kumvaa yuko wapi. Ukijificha ubavuni na una mbio kuliko kila mtu uwanjani, wao wanavamia hewa, na wewe unafika kwenye mpira baada ya wao kujikwaa. Watazamaji walicheka. Waliona mbwembwe. Mimi naona mtu aliyefikiri.

Na niliposema ana mbio kuliko kila mtu uwanjani, sikuwa napamba. Julai 1886 alikwenda London kwenye mashindano ya ubingwa wa riadha, yaliyofanyika Stamford Bridge. Ndugu zangu wa Chelsea, ndiyo, ni hapohapo. Wakati huo palikuwa uwanja wa riadha na klabu yenu ilikuwa bado miaka 19 izaliwe. Wharton akakimbia yadi 100, kama mita 91 na nusu, kwa sekunde 10 kamili. Muda huo ulikuwa haujawahi kukubaliwa katika mashindano ya ubingwa kama yale, ukahesabiwa rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata akarudi na kulitetea taji. Mwaka huohuo 1887 akaweka pia rekodi ya baiskeli kati ya Preston na Blackburn, ambalo ni jambo ningeliongelea zaidi kama lingekuwa la mtu mwingine, lakini kwa Wharton mambo yanajaa hadi yanamwagika.

Fikiria ajabu yake. Binadamu mwenye mbio kupita wote waliowahi kupimwa, na timu inamweka golini. Kwetu sisi kipa ni yule asiyejua kukimbia. Wakati mwingine walimtoa wakamchezesha winga, na alicheza. Lakini alirudi golini, na alibaki huko karibu miaka 17.

Preston North End walimchukua msimu wa 1886–87. Ili upate picha ya ukubwa wake: Preston ya wakati ule ndiyo timu iliyotisha kuliko zote Uingereza, imejengwa na meja William Sudell kwa Waskoti wenye pasi fupi, wakati malipo kwa wachezaji yalikuwa yamehalalishwa juzi tu, 1885. Wharton mwenyewe alicheza pale kwa hadhi ya ridhaa, yaani bila mshahara. Akiwa golini walifika nusu fainali ya Kombe la FA mwezi Machi 1887, wakafungwa na West Bromwich Albion 3–1.

Na hapa ndipo magazeti yalipoanza. Oktoba 1887 gazeti moja la michezo liliandika kwamba Preston wakimweka Wharton golini katika mechi za kombe, nafasi yao ya ushindi itapungua. Mpaka hapo ni maoni, na kipa amezaliwa kusemwa. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Akamwita kwa jina la dharau la rangi yake, akauliza kama fuvu lake ni nene mno kiasi kwamba haliwezi kuelewa kuwa kati ya milingoti si mahali pa kufanya masihara. Wengine wanauita utulivu, akasema, huo ni upuuzi.

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Ila tazama alichokitukana. Hakusema Wharton anaachia mabao ya kizembe. Alichokuwa hakipendi ni utulivu wake. Kipa mweupe akichuchumaa pembeni ya mlingoti na kusubiri, ana damu baridi. Huyu akifanya hivyo, anacheza ngoma. Nimedaka mechi za ndondo ambako mashabiki wanasimama mita mbili nyuma ya goli, na najua sauti moja ya mtu mmoja inavyoweza kukaa sikioni dakika tisini. Mimi nilitukanwa kwa kuwa mzito. Siwezi kujifanya najua alichosikia yeye nyuma ya milingoti ile isiyo na nyavu, peke yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, miji ya makaa na pamba, 1887.

Mwaka 1888 aliondoka Preston. Nadhani hili ndilo kosa kubwa la maisha yake ya mpira, kama tukiliita kosa. Septemba 1888 Ligi ya Uingereza, ya kwanza duniani, ilifungua pazia kwa vilabu 12. Preston wakaichukua bila kupoteza mechi hata moja kati ya 22, na kombe wakalichukua bila kufungwa hata bao moja. Hao ndio wanaokumbukwa hadi leo kama timu isiyoshindika. Na Septemba hiyohiyo Wharton alikuwa Sheffield, akikimbia mbio za fedha mbele ya wacheza kamari, na akazishinda. Alikuwa ameamua kuuza miguu yake. Kila mtu alikuwa anafaidi mbio zake bure, acha naye afaidi.

Mwaka 1889 akasaini Rotherham Town, na hapo ndipo sentensi ile ya mwanzo inapotimia: sasa analipwa kwa kucheza. Nisije nikaeleweka vibaya, kulikuwa na weusi waliomtangulia uwanjani. Andrew Watson, mzaliwa wa Demerara (Guyana ya leo), aliiongoza Scotland kama nahodha mwaka 1881 wakaifunga Uingereza 6–1 palepale London. Lakini Watson alikuwa bwana mwenye urithi wake, anacheza kwa raha. Wharton alicheza ili ale.

Rotherham alioa, mwaka 1890, mwanamke wa hapo. Alidaka kwa miaka kadhaa, na timu ikatwaa ubingwa wa ligi ya Midland mara mbili mfululizo, 1892 na 1893. Akaendesha pia baa. Mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, kanisa lililokuwa likihubiri dhidi ya pombe toka mimbari hadi barabarani, anasimama kaunta anajaza bilauri. Sijui kwa nini picha hiyo huwa inanichekesha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja. Waliomchunguza wanataja kwamba baadaye pombe ilimteka.

Baada ya hapo ni safari ya kushuka, nayo naipitia haraka kwa sababu ndivyo ilivyokwenda. Mwaka 1894 Sheffield United walimsajili, Daraja la Kwanza, lakini msimu uleule wakamleta kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Foulke, jitu ambalo uzito wake baadaye ulipita kilo 130 na ambalo lingekuja kuidakia Uingereza. Wharton alipata mechi chache tu. Mojawapo ilikuwa ya ligi dhidi ya Sunderland, mwaka 1895, na kwa mechi hiyo akawa mweusi wa kwanza kucheza daraja la juu la Uingereza. Halafu benchi. Halafu Stalybridge Rovers, halafu Ashton North End, klabu iliyofilisika mwaka 1899 akiwa bado mchezaji wake, halafu Stalybridge tena, na mwisho Stockport County, Daraja la Pili. Mwaka 1902 akatundika daluga. Alikuwa na miaka 36.

Katika vilabu hivyo viwili vidogo, Stalybridge na Ashton, alipita pia kijana mmoja ambaye hakuwa mchezaji wa kutisha, jina lake Herbert Chapman. Mashabiki wa Arsenal wameshajua naelekea wapi. Aprili 1930 Chapman aliipeleka Arsenal Wembley ikabeba kombe kubwa la kwanza katika historia yake. Desemba ya mwaka huohuo, tarehe 13, Arthur Wharton alikufa karibu na Doncaster akiwa na miaka 65, kibarua wa mgodi wa makaa.

Alikuwa akifanya kazi katika mgodi wa Yorkshire Main, kijiji cha Edlington. Kazi yake ilikuwa ya kusafirisha makaa yaliyochimbwa: mabehewa, kamba, giza, vumbi. Mtu wa sekunde 10. Wakamzika makaburini Edlington bila jiwe, bila jina, na nyasi zikaendelea na kazi yao kwa miaka 66.

Mwaka 1997 kaburi liliwekewa jiwe, baada ya kampeni ya kikundi cha Sheffield kinachopinga ubaguzi katika mpira, Football Unites, Racism Divides. Mwaka 2003 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la soka la Uingereza. Mwaka 2014 sanamu yake kubwa ya shaba ikasimamishwa St George's Park, kituo ambacho timu za taifa za Uingereza hufanyia mazoezi, na sanamu yenyewe imemwonyesha amejinyoosha juu kuufuata mpira. Hapo nikafurahi. Aliyeichonga hakuchonga "wa kwanza". Alichonga kipa.

Lakini kwangu kumbukumbu yake bora ilijengwa kabla ya jiwe na kabla ya shaba, na haikugharimu zaidi ya stempu.

Januari 1942. Sheffield ilikuwa imepigwa mabomu ya Wajerumani Desemba ya mwaka 1940, nyumba kwa maelfu, na vita vilikuwa bado vinaendelea. Katikati ya hali hiyo mzee mmoja akakaa chini akaandika barua kwa gazeti la mji. Si kuhusu mgao wa chakula wala vita. Aliandika kuhusu mechi aliyoiona alipokuwa kijana, Rotherham na Sheffield Wednesday, kwenye uwanja wa Olive Grove.

Anasema washambuliaji watatu wa Wednesday walikuja kwa kasi, na akawataja kwa majina na kwa majina ya utani, miaka hamsini baadaye: Billy Ingham, Clinks Mumford, Micky Bennett. Tunajua walikuja kufanya nini. Wamekuja na mabega. Wharton hakutoka kupiga ngumi wala hakuchuchumaa. Aliruka, akaushika mtambaa wa panya kwa mikono miwili, akaning'inia.

Nyumbani kwa bibi yangu mtambaa panya ulikuwa mti uleule uliolala juu ya ukuta, panapoanzia paa, na usiku ulisikia kweli wenyewe wakipita. Watangazaji wetu wa redio waliuchukua wakaupeleka uwanjani, na sijawahi kuona jina lililokaa vizuri kama hilo. Basi mtu huyu yuko juu, kwenye njia ya panya, mikono yote miwili imeshughulika, na shuti linakuja chini yake.

Akaudaka kwa miguu. Akaubana mpira katikati ya mapaja, huku ananing'inia. Na wale watatu, ambao walikuwa wameshajitupa kumvaa mtu ambaye hayupo tena chini, wakapita wakaanguka wote ndani ya goli.

Nimejaribu kuiona mara nyingi. Wao watatu chini wamelaliana, wanatafuta mpira. Yeye juu yao. Goli halijaingia. Uwanja mzima, pamoja na yule kijana atakayekuja kuwa mzee, umenyamaza kidogo kabla ya kulipuka.

Mzee alimalizia barua yake kwa kusema kwamba amekuwa akitazama mpira kwa zaidi ya miaka 50, na hajawahi kuona tena mtu akiokoa namna ile. Katika barua hiyo hakuona haja ya kusema Wharton alikuwa wa rangi gani.